Neno la Siri la Wifi

Sehemu ya Sita

Kidole kilikuwa bado hewani.

Ndiyo, msomaji wangu, ni kidole kile kile kilichokukosesha raha wiki nzima. Kidole cha Mama Cherehani, chenye vitobo vya sindano, kimesimama juu ya kitufe cha kompyuta. Hakishuki, hakipandi. Na mbele yake maandishi mekundu yanawaka na kuzimika:

HATARI! AKAUNTI YAKO INAIBIWA SASA HIVI! USIZIME KOMPYUTA! BONYEZA UONGEE NA MHUDUMU WA BENKI!

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, nimweleze kwa mkupuo mmoja. Mama Cherehani ni mjane, fundi wa nguo. Shule imempa kazi ya sare za watoto wote wa darasa la kwanza, na imemwingizia malipo ya awali benki. Majora ya vitambaa yako dukani, yamefungwa kamba, na muuza vitambaa ameapa kuwa mwisho wake wa kusubiri ni leo saa kumi jioni. Hela ikipotea, vitambaa vinakwenda kwa mwingine, kazi inakwenda kwa mwingine, na cherehani zake mbili zinauzwa ili shule irudishiwe chake.

Basi alikuwa amekaa sebuleni, kwenye kompyuta ya nyumbani, amlipe mwenye vitambaa. Ndipo wekundu ule ukazuka.

"Bonyeza!" ilisema sauti nyuma yake.

Huyo ni wifi yake, dada wa marehemu mume wake, anayeishi naye tangu msiba. Alikuwa na kikombe cha chai mkononi na pupa kifuani.

"Ngoja kwanza, wifi. Nasoma."

"Unasoma! Mwenzio anaiba, wewe unasoma! Huyo mwizi naye kakaa anasoma?"

"Mbona hawakuandika ni benki gani?"

"Benki ni benki. Kuna benki ya kuku?"

"Basi ngoja nimwombe Mungu anionyeshe."

Akafumba macho. Na hapo ndipo alipokosea. Sisemi kusali ni kosa, Mungu anisamehe. Nasema kusali umefumba macho, wifi kama yule akiwa nyuma yako, ndiko kosa. Alipofika kwenye amina, akasikia *tak!*

Kitufe kilikuwa kimeshabonyezwa.

"Umefanya nini?"

"Nimekusaidia kuamua," wifi akasema, akapuliza chai yake.

Wekundu ukatoweka. Badala yake kikatokea kisanduku cheupe, na ndani yake maneno yakaanza kujiandika yenyewe:

*Mteja wetu mpendwa, pole sana. Usiogope. Tunakuokoa.*

"Umeona?" wifi akasema. "Watu wana adabu zao."

*Mteja wetu mpendwa, je, upo peke yako?*

Mama Cherehani akarudisha kichwa nyuma. "Benki inataka kujua niko peke yangu ya nini? Inakuja kuniposa?"

"Jibu, wifi. Usiwe na maneno."

Mama Cherehani huandika kwa kidole kimoja, na kila herufi huitamka kwa sauti, kama anamsomea mtu imla. "Nnn... iii... po... na... Mungu." Akatuma.

Kompyuta ikanyamaza kidogo. Kisha:

*Vizuri. Mbali na Mungu?*

"Nipo... na... wifi."

Safari hii jibu lilikuja mbio.

*Safi sana! Wifi ndiyo muhimu kuliko vyote!*

Wifi akaweka kilemba chake sawa. "Miaka minane nakaa humu ndani, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Endelea, endelea."

*Wifi ina nguvu?*

"'Ina'?" Mama Cherehani akakunja uso. "Mbona anakutaja kama meza?"

"Ndiyo lugha ya ofisini hiyo. Mwambie nguvu ninazo, ila mgongo."

Akaandika: *Nguvu ipo ila mgongo.*

Mimi nadhani huko aliko, bwana aliyekuwa akiandika alijikuna kichwa. Halafu akauliza:

*Inakatika-katika?*

Wifi akajishika kiuno. "Loo! Amejuaje? Mwambie hasa asubuhi nikiinama kufagia!"

*Hasa akifagia*, akaandika Mama Cherehani.

*Mteja wetu mpendwa, tusipoteze muda. Mwizi yuko karibu. Andika hapa neno la siri la wifi.*

Mama Cherehani akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama kawaida yake. "Andika... hapa... neno... la siri... la wifi."

Kikombe kikaanguka. Chai ikatambaa sakafuni mpaka chini ya kochi.

Akageuka. Wifi yake alikuwa amesimama kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Wamejuaje?" akanong'ona.

"Wamejua nini?"

"Hakuna."

"Wifi."

"Nimesema hakuna! Mwandikie sina siri. Mwandikie mimi ni mtu wa wazi."

"Wifi, benki imeuliza neno lako la siri mbele ya macho yangu, na wewe umeangusha kikombe cha marehemu kaka yako. Keti. Sema."

Wifi akaketi. Akainuka. Akaketi tena. Kisha akajifunika uso kwa upande wa kanga, kilio kikaanza.

"Nilitaka kukufanyia jambo la kukushtua, wifi yangu. Jambo zuri."

"Jambo gani?"

"Friji."

"Friji gani?"

"Friji ya milango miwili."

Msomaji, tulia nikuambie alivyoeleza, maana alieleza katikati ya kwikwi na nusu ya maneno yalibaki kwenye kanga. Wiki iliyopita, siku Mama Cherehani alipokwenda shuleni kupima watoto, wifi alikaa kwenye kompyuta kuangalia mitindo ya vilemba. Ukaja ujumbe. *Hongera! Umechaguliwa kati ya maelfu! Umeshinda friji!* Walichotaka ni kitu kidogo tu cha usafiri wa kuileta. Nacho hawakukitaka kwa mkono. Walitaka namba za kadi ya benki.

"Wewe huna kadi ya benki," akasema Mama Cherehani polepole.

"Sina."

"Wifi. Ulichukua kadi ya nani?"

"Ilikuwa pale pale kwenye kitabu chako cha sala, inakaa tu."

"Haikai tu! Imehifadhiwa!"

"Nikaandika namba za mbele. Wakataka zile tatu za nyuma, nikaandika. Halafu wakataka neno la siri la akaunti, ili wahakikishe friji haiendi kwa mtu mwingine."

"Hilo hujalijua. Hilo halijaandikwa popote. Liko kichwani mwangu na kwa Mungu."

Wifi akafunua jicho moja.

"Wifi yangu, nisamehe, lakini unaliandika kwa sauti. Kila ukifungua hiyo benki unasema *mmm... aaa... rrr...* mpaka 'marehemu' iishe, na mwaka wa harusi yenu juu yake. Hata muuza mkaa analijua. Juzi alinishika mkono akanipa pole ya marehemu."

Mama Cherehani alitaka kukasirika, akajikuta hana pa kuanzia. Wifi kachukua kadi, ndiyo. Lakini neno la siri nani alilitangaza mtaa mzima?

"Ee Mungu," akasema, "nipe hasira ya kutosha watu wawili."

Hapo hapo, bila mtu kugusa kitu, mshale wa kompyuta ukasogea.

Wote wawili wakautazama. Mshale ukapanda juu taratibu, ukageuka kulia, kama mtu anayetafuta chumba katika nyumba asiyoizoea. Ukafungua ukurasa wa benki. Jina la Mama Cherehani likajiandika. Neno la siri likajiandika, nyota moja, nyota mbili, nyota tatu...

"Nani anaandika?" wifi akauliza.

"Siyo mimi."

"Wala siyo mimi!"

*Ting!* Simu ya Mama Cherehani ikalia mezani. Ujumbe. Namba sita, na chini yake: *Usimpe mtu yeyote namba hizi, hata akisema ni mfanyakazi wa benki.*

Na kwenye kompyuta:

*Mteja wetu mpendwa, tuma namba sita zilizoingia kwenye simu yako. HARAKA.*

"Mpe!" wifi akasema.

"Nimpe?"

"Si ndiye anayetuokoa?"

"Wifi, hebu funga mdomo kidogo, nao upumzike."

Simu ikaita. Namba ngeni. Mama Cherehani akapokea, akaweka spika.

"Mteja wetu mpendwa!" ilisema sauti laini ya kiume, imepakwa asali. "Mimi ni mhudumu wako. Mwizi amebakiza dakika mbili. Nisomee zile namba sita nimfungie njia."

"Ujumbe unasema nisimpe mtu yeyote."

"Ni kweli kabisa, mama. Usimpe mtu yeyote. Nipe mimi."

"Wewe ni mtu au si mtu?"

Sauti ikasita. "Mimi ni... mimi ni wa benki."

"Sijakuuliza unatoka wapi, baba. Nimekuuliza, wewe ni mtu au si mtu?"

"Mama, muda unakwisha!"

"Jibu tu. Mtu, au si mtu?"

"Ni mtu! Ni mtu, mama, jamani!"

"Basi ujumbe umekataza mtu."

Akakata simu.

Wifi hakungoja kuambiwa. Alikwenda dirishani, akatoa ukelele uliowainua mpaka waliokuwa wamelala mchana. "Fundi Miwani! Fundi Miwaniii! Tunakufa!"

Fundi Miwani ana kibanda ng'ambo ya barabara, anatengeneza redio, simu na kompyuta, kila kitu isipokuwa miwani yake mwenyewe, ambayo ameifunga kwa waya. Akaingia mbio na bisibisi mkononi.

"Nani anakufa?"

"Akaunti," akasema Mama Cherehani.

Fundi akautazama mshale unaotembea wenyewe. Hakuuliza la pili. Akavuka sebule kwa hatua tatu mpaka kwenye kile kisanduku cha kona, chenye taa za kijani, ambacho nyumba nzima hukiita "mtandao", na akang'oa waya wake ukutani.

Taa zikafa. Mshale ukasimama palepale, kama mtu aliyeshikwa shati.

"Kuna mtu ameingia ndani ya kompyuta yenu. Amewauliza nini?" akasema, akihema.

"Namba sita. Sikumpa."

"Mungu akubariki. Na kingine?"

Mama Cherehani na wifi wakatazamana.

"Aliuliza neno la siri la wifi," akasema Mama Cherehani kwa haya. "Lakini hayo ni mambo ya kifamilia."

"La nini?"

"La wifi."

"Hebu nionyeshe." Fundi akainama mpaka pua ikagusa kioo. Akasoma mazungumzo yote tangu mwanzo. Alipofika kwenye mgongo, mabega yake yakaanza kutikisika. Alipofika kwenye kufagia, akavua miwani akaifuta, maana ilikuwa na machozi.

"Mama," akasema alipoweza kusema, "hii siyo wifi. Hii ni waifai."

"Waifai ni nani?"

"Siyo mtu. Ni hicho kisanduku hapo kwenye kona. Ndiyo kinaitwa waifai."

"Na inaandikwaje?"

"Wi. Fi."

Kisha wifi akasimama taratibu, mkono kiunoni, mgongo na yote.

"Fundi. Unataka kuniambia yule bwana alikuwa hajui siri yangu?"

"Hakujua hata kama upo, shangazi."

"Alikuwa anauliza habari za kisanduku?"

"Kisanduku."

"Kisanduku ndiyo muhimu kuliko vyote?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi nimejitaja mwenyewe bure!" Akajipiga kifua. "Nimekaa na friji yangu moyoni wiki nzima, nimejizuia, nimejizuia, leo naitoa kwa sababu ya kisanduku cha plastiki!"

Mama Cherehani angecheka, kama si saa ya ukutani. Saa nane na dakika kumi. Vitambaa mpaka saa kumi.

"Fundi, hela yangu ipo au haipo?"

"Bila zile namba sita hawezi kuitoa. Lakini atajaribu tena, na tena. Ana kadi, ana neno la siri. Ile namba aliyokupigia usiirudie. Namba ya benki yenyewe iko nyuma ya kadi yako. Piga hiyo, kwa simu, achana na kompyuta."

Akapiga. Ikaita. Ikapiga muziki. Sauti ya mwanamke ikasema wahudumu wote wanahudumia wateja wengine. Ikapiga muziki tena, ule ule tangu mwanzo. Wifi akaanza kuufuata kwa kichwa.

"Tawi lao liko mtaa wa nne," akasema Mama Cherehani, akasimama. "Miguu yangu haina muziki. Nakwenda mwenyewe."

Lakini Fundi Miwani alikuwa bado anakitazama kisanduku, na kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Kuna kitu sikielewi," akasema. "Kwa akaunti sawa, mtu aweza kuiba akiwa upande wa pili wa dunia. Lakini neno la siri la kisanduku hiki halimsaidii mtu wa mbali. Nguvu yake haivuki hatua hamsini."

"Maana yake nini?"

"Maana yake, aliyeliuliza anaweza kuja kusimama hapa karibu. Au yupo tayari."

Wifi akafunga dirisha. *Pa!*

Mama Cherehani akamtazama Fundi Miwani. Akamtazama sana. Akatazama dirisha, na ng'ambo ya barabara, kibanda chenye redio.

"Fundi," akasema kwa upole. "Kutoka hapa mpaka kibandani kwako ni hatua ngapi?"

Fundi akageukia dirishani, akahesabu kwa ncha ya bisibisi.

"Thelathini," akasema. "Thelathini na tano kama kuna tope. Lakini mama! Mimi?"

"Sijasema ni wewe, baba."

"Umeniangalia kama ni mimi!"

"Namuangalia kila mtu. Hata wifi yangu sasa namuangalia. Tangulia, twende wote benki. Tukienda pamoja, nitajua ulipo."

"Na duka langu?"

"Mungu atalilinda. Na wewe, wifi, baki. Funga mlango kwa komeo. Waya huo usiurudishe. Simu usipokee. Mtu akibisha hodi, akisema ni wa benki, wa umeme, wa maji, wa friji..."

"Sifungui."

"Akisema ni malaika?"

"Namuuliza, ni mtu au si mtu."

"Safi."

Wakatoka. Fundi mbele, mama nyuma, kama mfungwa na askari wake. Watu wakawapisha njia. Mwanamke mmoja muuza nyanya akauliza, "Kaiba nini?" Fundi akajibu kwa uchungu, "Bado, dada. Bado!"

Benki foleni ilikuwa ya kukatisha tamaa. Kikaratasi chake kiliandikwa namba mia moja na nne, na ukutani palikuwa na sabini na moja. Akakaa. Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro. Simu ikatetemeka mara tatu kwenye mkoba wake, na kila mara zilikuwa namba sita mpya. Yule bwana alikuwa anatwanga mlango. Mama Cherehani alizifunika kwa kiganja, asizione hata yeye mwenyewe, na midomo akaibana.

Saa tisa na nusu akasimama mbele ya dirisha la mhudumu, dada mpole wa nywele fupi.

"Mwanangu, naomba unifungie akaunti yangu."

"Kuifunga kabisa, mama?"

"Kuifunga mlango. Kuna mtu anautikisa."

Akaeleza. Friji aliieleza kwa kifupi. Mgongo hakuutaja. Dada akaipokea kadi, akabonyeza, akabonyeza, akakodoa macho.

"Mama, wamejaribu mara nne tangu mchana."

"Na hela?"

Bisibisi ikamponyoka Fundi mkononi.

"Ipo," akasema dada. "Yote. Haijaguswa. Nimeshaizuia, sasa hakuna wa kuitoa."

"Mungu asifiwe!" akasema Mama Cherehani, kwa sauti ile ile anayoandikia, na foleni nzima, bila kujua ni kwa nini, ikaitikia amina.

Akamgeukia Fundi. "Nisamehe, baba. Nilikudhania."

"Nimesamehe," akasema Fundi. "Ila yule mama wa nyanya utamweleza wewe."

"Sasa mwanangu," akamwambia dada, "nifungulie hiyo hela nimlipe mwenye vitambaa. Hapo hapo dirishani. Nimebakiza dakika ishirini."

"Kuizuia ni rahisi, mama. Kadi inatosha. Kuifungua ndiko kunataka kitambulisho chako, niipe neno jipya la siri. Dakika tano tu. Na hilo neno jipya, mama, naomba usilitamke."

"Sitalitamka."

"Mbona midomo imeshaanza?" akanong'ona Fundi.

Mama Cherehani akafungua mkoba. Akatoa kitabu cha sala. Kadi, kabla hajampa dada, ilikuwa imekaa mahali pake kwenye zaburi. Kitambulisho hukaa kurasa tatu mbele, tangu siku ya kwanza alipopewa. Akafunua kurasa tatu.

Hakikuwepo.

Akafunua nne. Tano. Akakikung'uta kitabu chote. Ikaanguka picha ya marehemu, ikaanguka stakabadhi ya nyuzi. Kitambulisho hakikuanguka.

"Labda umekiacha nyumbani," akasema Fundi.

"Sijawahi kukiacha popote."

Hapo simu ya mezani kwa dada ikaita. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye kompyuta, basi akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Benki, karibu."

"Mimi ni mwenye akaunti iliyozuiwa sasa hivi," ilisema sauti ya mwanamke. "Nataka ifunguliwe. Kuna mama mmoja hapo mbele yako, kilemba cheupe, na mwanamume mwenye miwani ya waya. Ni matapeli hao. Wameniibia kadi."

Dada akainua macho. Akaona kilemba cheupe. Akaona waya.

"Unaweza kuthibitisha wewe ni nani, mama?" akaiuliza simu.

"Kitambulisho changu ninacho mkononi. Andika."

Na sauti ikaanza kusoma namba. Moja. Ikatulia. Nyingine. Ikatulia. Dada alikuwa anazilinganisha na zile za kwenye kompyuta yake, na kila namba ilipofika, uso wake ulizidi kubadilika.

Mama Cherehani hakuhitaji kusikia namba zote. Sauti ile aliamka nayo kila asubuhi kwa miaka minane.

"Wifi?" akasema.

Simu ikanyamaza. Kwa mbali, nyuma ya ukimya ule, ndani ya nyumba aliyoiacha imefungwa kwa komeo, mwanamume akakohoa.

Kisha sauti ikarudi, taratibu, kama mtu anayerudia maneno anayopewa sikioni. "Mwambieni... huyo mama... asinisemeshe. Simjui."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Dada akampungia mkono askari wa mlangoni, na askari akazungusha ufunguo mara mbili. Foleni nzima ikageuka kutazama.

"Namba alizosoma ni sahihi zote," akasema dada, na upole wote ulikuwa umemtoka. Akavuta kadi upande wake. "Sasa niambie ukweli, mama. Wewe ni nani?"